Ubaridi wa Namba Saba

Jumanne asubuhi, saa tatu kasoro robo, kiyoyozi cha nyumba namba saba kilikohoa mara tatu, kikatema maji ya kijiko kimoja juu ya shuka, kikanyamaza. Fundi Pindo alikuwa kwenye cherehani yake anashona kola ya shati la sita kati ya kumi na mawili, na mguu wake ukabaki juu ya pedeli bila kukanyaga. Mama yake, ambaye kitanda chake kilikuwa sebuleni chini ya kiyoyozi hicho, alifungua jicho moja.

"Kimekufa," akasema.

"Kimenyamaza tu, mama."

"Mwanangu, mimi nimezika watu wengi. Kimekufa hicho."

Katika jengo lile la ghorofa tatu na nyumba kumi na mbili, kitu kikiharibika, utaratibu ulikuwa mmoja, na hata watoto wasiojua kufunga viatu waliujua: unarudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono mgongoni. Ndivyo kifungu cha tisa cha mkataba kilivyowafundisha. Kilisema kwamba kitu cha nyumba kikiharibika, matengenezo ni ya mwenye nyumba. Ila mpangaji akikigusa, matengenezo ni yake. Basi koki ya bomba ikivunjika utasikia sauti kutoka ghorofa ya tatu, "Mikono mgongoni! Mikono mgongoni! Mwiteni Macho!" Macho ndiye msimamizi. Alikuja na daftari lake na penseli nyuma ya sikio, akatazama kitu, akatazama mikono ya watu ilipo, akaandika: Kimeharibika. Hakikuguswa.

Baada ya hapo hakuna kilichofanyika. Bomba la uani lilikuwa linadondoka mwaka wa saba. Reli ya ngazi ilining'inia kwa skrubu moja, na watu walipanda wakijibana ukuta wa pili kama wanaompita mbwa aliyefungwa. Taa ya chumba cha Macho mwenyewe, pale chini ya ngazi, iliungua zamani, naye alikuwa akiandikia mlangoni mchana na kulala mapema. Vyote vilikuwa vibovu, lakini havikuwa vya mtu, na watu walipata usingizi.

Mwenye nyumba alikuja kila Jumamosi saa nne. Alikuja ndani ya gari jeupe, injini ikinguruma, vioo juu, na alizungumza na wapangaji kupitia upenyo wa vidole viwili ili ubaridi wa gari usimtoroke. Wapangaji walimjua kuanzia paji la uso hadi nyusi, basi. Chochote ulichomwambia, jibu lilikuwa moja, na hilo ndilo walilomwita: Andika Barua.

Sasa, Fundi Pindo hakuwa mtu wa kusahau kifungu cha tisa. Alikikumbuka. Shida yake ilikuwa kwamba hawezi kuona kitu kichafu akakiacha. Pindo alilolishona halikufumuka. Suruali ingechakaa, mwenye suruali angezeeka, pindo likabaki, na jina lake lilitoka hapo. Alipotazama kiyoyozi, aliona vumbi kwenye midomo yake na tone la pili linajivuta, likilenga shavu la mama yake. Akapanda kigoda. Akakifuta kwa kitambaa, vile mtu anavyomfuta mtoto pua.

"Dada," Macho akasema kutoka mlangoni. "Umegusa."

"Nimefuta."

"Kufuta ni kugusa."

"Maji yanamdondokea mama, Macho."

"Nimeona. Nami nikiulizwa nitasema nimeona." Akatoa penseli. "Lakini umegusa."

Mama Pacha wa mlango wa pili alikuwa ameshafika, maana huyo sauti ya kigoda inamtosha. "Jamani, jirani!" akasema, ameshika kiuno. "Watu wanauawa na ulevi, wengine na mapenzi. Wewe utauawa na usafi."

Mchana huo huo Pindo akamwita fundi wa viyoyozi. Alikuwa mtu mpole mwenye begi zito. Akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga. "Kompresa imekwenda," akasema. "Hiyo naweza kukutafutia. Lakini bomba la gesi nalo limetoboka, na bomba liko ndani ya ukuta. Ukuta ni wa nani?"

"Wa mwenye nyumba. Kifungu cha kumi na moja. Mpangaji haruhusiwi kutoboa."

"Basi."

"Kwa hiyo," Pindo akasema, "natakiwa kutengeneza kitu nisichoruhusiwa kukifikia."

"Mimi ni fundi, sijui sheria. Lakini kwa jicho la fundi, ndiyo."

Joto likaanza kuingia. Lilikuja na jua la saa saba, likakaa sebuleni, likavua shati. Mama yake Pindo alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari alikuwa amesema maneno machache tu: dawa asikose, na chumba kisipate joto. Kwa ajili hiyo walihamia jengo lile, kwa sababu ya kibao kilichokuwa getini: NYUMBA ZENYE VIYOYOZI. Kufikia Alhamisi mama alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na hakuwa amepanda ngazi mwaka mzima. Pindo alimpepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Aliandika barua tatu. Jumamosi saa nne akasimama kando ya gari jeupe.

"Mama yangu ni mgonjwa," akauambia ule upenyo. "Nilipanga hapa kwa sababu ya kiyoyozi. Kibao chako kilisema nyumba zina viyoyozi."

Nyusi zikamtazama. "Kwako kipo au hakipo?"

"Kipo."

"Basi kibao hakikudanganya."

"Hakifanyi kazi."

"Andika barua."

"Nimeandika tatu."

"Nimezipata. Mwandiko wako mzuri." Kioo kikapanda.

Jibu lilikuja Jumatatu mkononi mwa Macho. Ilikuwa karatasi moja yenye mstari wa kusaini. Pindo akaipeleka kwa Mwalimu wa namba tano, mstaafu wa hesabu, mtu aliyesoma mikataba ya jengo zima kwa sababu hakuwa na madaftari tena ya kusahihisha. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mimi, mpangaji wa namba saba, nakubali kwamba ubaridi wa nyumba ninayokaa ni wajibu wangu. Nisiposaini nitahama mwisho wa mwezi."

Akavua miwani. "Usisaini, binti yangu. Wanataka uahidi jambo ambalo hakuna njia ya kulitimiza."

"Mwalimu," Pindo akasema, "tangu nianze kushona, umewahi kusikia nimemwambia mtu aje Ijumaa, akaja Ijumaa, akakuta nguo haijaisha?"

Mwalimu akafikiri kwa haki. "Hapana."

"Nimewahi kumwambia mtu njoo kesho?"

"Hapana. Kwa kweli hapana."

Fundi cherehani asiyesema njoo kesho ni ajabu kuliko mengine yote yatakayosimuliwa hapa, na mtaa mzima ulimheshimu kwa hilo. Mama yake alimlea hivyo: neno likishatoka mdomoni, alimwambia, ni kitambaa kilichokatwa, hakirudi dukani. Pindo akachukua kalamu, akasaini jina lake lote, herufi zimesimama wima kama askari, akamrudishia Macho karatasi.

"Mwambie ubaridi utakuwepo," akasema. "Alhamisi."

Alhamisi alipoamka, glasi ya maji kando ya godoro lake ilikuwa imeingia ukungu. Ubaridi ulikuwa unatoka kwenye mabega yake na nyuma ya shingo, polepole, sawasawa, bila kelele isipokuwa mvumo mdogo aliousikia alipoinama kutunga uzi. Mama yake akageuka kitandani.

"Mwanangu, hebu nipe shali."

Akampa. Kisha akaweka beseni chini ya kiwiko chake cha kushoto, maana kilikuwa kinadondosha maji, akakaa kwenye cherehani. Mashati yale kumi na mawili yalikuwa yaende kwa mwenyewe Ijumaa, na bado mawili.

Ijumaa fundi wa viyoyozi alirudi kufuata spana aliyoisahau. Alisimama mlangoni kidogo, akaweka begi chini, akatoa kipimajoto chake na kukisogeza kwenye bega la Pindo.

"Kumi na nane," akasema. "Hiyo ni nzuri kwa mgonjwa. Usishushe zaidi."

"Sishushi."

"Filta unasafishaje?"

"Naoga."

"Kila siku?"

"Mara mbili."

"Basi utadumu." Akachukua spana yake, akaaga.

Mama Pacha alikasirika. Hakukasirika kwa sababu jirani yake anatoa ubaridi. Alikasirika kwa sababu imepita siku nzima na zaidi bila yeye kuambiwa. "Hata mimi!" akasema. "Mimi niliyekutunzia ufunguo!" Kwa Mama Pacha siri ilikuwa ikiingia na kutoka kabla haijavua viatu, kwa hiyo kufikia jioni jengo lote lilijua, na kufikia Jumapili kila mtu alikuwa na kigoda chake sebuleni namba saba.

Viyoyozi vya nyumba nyingine vilikufa miaka mingi nyuma, vikiwa vimeandikwa vizuri kwenye daftari, havikuguswa. Basi wakaja. Mama Pacha alikuja na mapacha wake, wakafanya kazi za shule chini ya meza ya kukatia. Mwalimu alikuja na gazeti lake, akawasahihisha bila kuombwa. Kinyozi wa chini alikuja akiwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja, akamalizia upande wa pili pale pale, nywele zikadondoka juu ya gazeti la Mwalimu. Walibana miguu, walipitishiana chai, walisengenya mtaa mzima kwa mpangilio wa nyumba, kutoka kona mpaka kona. Nani kahama na nani hajahama ila mumewe ndiye kahama. Ni dada gani wa dukani ananunuliwa soda kila siku na mtu asiyependa soda.

Mama yake Pindo, aliyekuwa na dari tu ya kuitazama kwa mwaka mzima, alikaa katikati yao na shali lake, akawa hakimu. "Huyo ana makosa," alisema. "Huyo hana. Huyo mleteni nimwone." Rangi ilimrudi usoni. Alianza kudai chumvi kwenye chakula.

Pindo hakujisifu. Aliendelea kushona, mvumo wake na wa cherehani umekuwa mmoja, ila mtu aliyemjua angeona kwamba anakaa wima zaidi. Mtu akimshukuru alijibu, "Nilisaini." Alisema hivyo kama wengine wanavyosema wamesoma chuo kikuu.

Jumamosi iliyofuata gari jeupe lilipofika, Macho alitumwa juu kutafuta mashine iliyofungwa bila kibali. Alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya droo ya cherehani, ambamo alikuta vifungo. Akamwomba radhi mama, akashuka na Pindo mpaka kwenye gari.

"Mashine iko wapi?" upenyo ukauliza.

"Ni mimi."

Nyusi zikasogea karibu na kioo. Kwa mara ya kwanza hewa ya nje ilikuwa baridi kuliko ya ndani, na kioo kikashuka kidole kimoja zaidi, pua ikaonekana. "Soma kifungu cha kumi na mbili," pua ikasema.

Mwalimu alikuwa ngazini, anakijua kwa moyo. "Chochote mpangaji atakachokifunga ndani ya nyumba, kitakuwa mali ya nyumba."

"Umesikia? Ubaridi huo ni mali yangu."

"Sawa," Pindo akasema. Hakupandisha sauti. "Mali yako ikiharibika, nani anaitengeneza?"

"Haijaharibika."

"Ikiharibika."

Watu wote waliokuwa kwenye madirisha waliinama kumsikia. Injini ikanguruma.

"Ikiharibika," akasema, "andika barua."

Wiki iliyofuata kibao cha getini kilipakwa rangi upya. Sasa kiliandikwa: NYUMBA ZENYE UBARIDI WA UHAKIKA.

Ukafika mwezi ule wa joto ambao lami inashika kandambili. Sebule ya namba saba ilikuwa na watu kumi na wanane mchana, na joto la watu kumi na wanane si mchezo. Pindo alianza kusikia magoti jioni. Alikula mara nne kwa siku na bado akapungua. Mama yake alimwona, akamwambia, "Wafukuze kidogo," na Pindo akajibu kwamba nyumba yenye watu ndiyo nyumba. Kisha akasema kwamba aliahidi ubaridi wa nyumba, na hakuandika wa watu wangapi.

Jumatatu ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, alianguka juu ya cherehani. Sindano ilikuwa imesimama. Mungu ashukuriwe kwa hilo. Walipomwita jina alifungua macho, na macho yalikuwa mekundu. Beseni la kiwiko lilikuwa kavu. Bega lilikuwa moto kama pasi.

Fundi wa viyoyozi aliitwa, akaja mbio, akasogeza kipimajoto, akatikisa kichwa. "Hapa nimefika mwisho. Hii si gesi. Mwiteni mtu wa hospitali." Wakamwita muuguzi wa mtaa wa pili, aliyekuwa anawahi zamu. Muuguzi akampima Pindo, akampima na mama.

"Huyu ana homa ya uchovu," akasema. "Alazwe chini, akandwe kwa maji, asiachwe, siku mbili tatu. Lakini bibi huyu," akashika kifundo cha mkono wa mama, akahesabu, "bibi huyu anataka baridi sasa hivi. Sisemi jioni. Sasa." Akaacha bakuli na kitambaa, akaondoka kwa haraka ya mtu anayehitajika kwingine.

Barua iliandikwa na Mwalimu, kwa kalamu nyekundu, mistari minne. Mali ya mwenye nyumba imeharibika. Mwenye nyumba atengeneze. Macho akapanda pikipiki, akaenda nayo ofisini kwa Andika Barua, akarudi saa sita na nusu, jasho linamtoka, karatasi mkononi. Alitaka kumpa Mwalimu asome. Mwalimu akasema, "Soma mwenyewe, wewe ndiye uliyeileta." Macho akasoma:

"Nimepokea taarifa. Kwa mujibu wa daftari la msimamizi, mali hiyo imekuwa ikiguswa na mpangaji kila siku, asubuhi na jioni, kwa kuoga. Kifungu cha tisa kinahusika. Matengenezo ni ya mpangaji. Mpangaji mwingine yeyote atakayeigusa, wajibu wa ubaridi utakuwa juu yake pia, yeye na nyumba yake."

Pindo alikuwa kwenye mkeka katikati ya sebule, anatetemeka. Mama yake alikuwa kitandani, midomo imeanza kuwa ya kijivu, anavuta pumzi fupi fupi kama anayemeza. Na majirani walikuwa wamesimama kuwazunguka, watu wazima na watoto, wamerudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Hawakuamua kuiweka pale. Ilikwenda yenyewe; ilishazoea. Kinyozi aliangalia mikono yake haipo, akaona aibu, lakini haikurudi. Kitambaa kilielea kwenye bakuli. Bomba la uani lilisikika likidondoka.

Pindo alifungua macho akawaona. "Msiguse," akasema. "Nilisaini mimi."

"Nyamaza wewe," Mama Pacha akasema. Alikuwa analia, naye hakuwa mtu wa kulia bila kuongea. "Nyamaza, mwanamke mwenye kiburi. Unadhani wewe peke yako ndiye una neno katika jengo hili? Macho!"

"Naam, dada."

"Penseli yako ina ncha?"

"Ina."

"Basi andika." Akatoa mikono mgongoni, mmoja, kisha wa pili, akapiga magoti, akamwekea Pindo viganja vyote viwili kwenye paji la uso. Akavibakisha pale, amemkazia Macho macho. "Nimegusa. Namba nane. Kama hujui kuliandika jina langu nikutajie herufi."

Macho akaandika.

Mwalimu alivua miwani na kuikunja. "Namba tano," akasema, akainama kwa shida, akashika mkono wa Pindo wa kulia. "Andika kwamba nimesoma kifungu kabla ya kugusa. Asije akasema sikuelewa."

Kinyozi akachukua kitambaa, akakikamua, akamkanda shingo kwa ustadi wa mtu aliyeshika shingo za watu maisha yake yote. "Namba moja." Mapacha wakashika vidole gumba vya miguu, kila mmoja chake, na mama yao akasema hao wako chini ya namba nane. Namba kumi. Namba tatu, mzee na mkewe, wakibishana ni nani atangulie. Namba kumi na mbili alikuwa na bandeji mkononi, akagusa kwa kiwiko, akauliza kama kiwiko kinahesabiwa. Macho akasema kinahesabiwa. Aliandika mpaka ukurasa ukaisha, akageuza, akaandika mpaka hakuna aliyebaki.

Akasimama na daftari. Akaliangalia. Akampa Mwalimu, akaweka penseli juu yake, akapiga magoti mahali pa mwisho palipokuwa wazi, akashika kile kiwiko cha kushoto.

"Chumba cha chini ya ngazi," akasema. "Hakina namba."

Mwalimu akaandika: Na msimamizi naye.

Ubaridi ulianza kwa Mama Pacha, kwenye viganja, kwa kuwa alitangulia. Kwa Mwalimu ulitokea kwenye upara. Kwa Kinyozi kwenye vidole vya mkasi, kwa mzee wa namba tatu kwenye magoti, ambayo alisema yalikuwa na baridi siku zote ila haikuwahi kumsaidia mtu. Mapacha walitoa kidogo kidogo, kwa zamu. Macho ulimtoka masikioni. Kila mmoja alijisikia, akanyoosha mgongo, akakaa vizuri. Dirisha likaingia ukungu. Pumzi ya kitandani ikarefuka, ikarefuka tena, kisha ikageuka kuwa sauti.

"Nani ameacha friji wazi?" mama akasema. "Nileteeni shuka. Leteni mawili. Na huyo mwanangu mfunikeni, mnamtazama tu."

Pindo aliamka siku ya tatu, akaomba uji na cherehani. Ubaridi wake ulirudi siku hiyo hiyo, kumi na tisa, halafu kumi na nane. Majirani walirudi kwenye nyumba zao, maana sasa kila nyumba ilikuwa na wake, ingawa vigoda vingi viliendelea kukutwa namba saba, kwa sababu ya maneno. Wateja wa Kinyozi walipanga foleni mpaka barabarani. Mapacha waligombewa darasani ni nani akae karibu nao. Mtu mgeni akipita ngazini mchana wa jua kali alifunga vifungo vya shati, na wapangaji waliopishana naye walimsalimia kwa kidevu kilichoinuka kidogo.

Mwisho wa mwaka mikataba mipya ikaja. Kifungu cha tisa kilikuwa pale pale. Kifungu cha kumi na tisa kilikuwa kipya: ubaridi wa kila nyumba ni wajibu wa mpangaji. Kibao cha getini kilikuwa kimepakwa rangi tena, herufi kubwa zaidi. Walisaini sebuleni namba saba, wote, mmoja mmoja juu ya meza ya kukatia, na hakuna aliyeandika jina kwa kifupi.

Jumamosi hiyo gari jeupe lilifika likiwa na vioo chini. Kiyoyozi chake kilikuwa kimeharibika, na gereji walikuwa wamemwambia aandike barua. Andika Barua akafungua mlango, akashuka. Wengi walikuwa wanaiona miguu yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa miguu ya kawaida. Alipanda ngazi akijibana ukutani, mbali na reli, akabisha hodi namba saba, akakaribishwa kigoda cha wateja.

Alikaa akijifuta shingo kwa leso. Jasho likamkauka. Mama alimtazama kutoka kitandani kama anavyotazamwa mtu ambaye kesi yake inajulikana.

"Shikamoo, mama," akasema hatimaye.

"Marahaba. Kumbe una mdomo."

Kinyozi akakohoa. Andika Barua akaangalia ukutani, juu ya kitanda, kiyoyozi chake kilipokuwa bado kimetundikwa, vumbi limeota manyoya. Hakuna aliyekuwa amekifuta tena. Akaangalia pembeni.

"Pazuri hapa," akasema.

"Pazuri," Pindo akajibu, anashona.

"Huwezi kuongeza kidogo?"

Cherehani ikafika mwisho wa mshono. Pindo akakata uzi kwa meno, akageuza nguo, akakagua pindo.

"Andika barua," akasema.

Mama Pacha akatoka akacheke ngazini.

Andika Barua akacheka naye kidogo, kwa adabu, akatoa kalamu mfukoni, halafu akairudisha. Alipoinuka kuondoka alitaka kuaga vizuri, maana alikuwa amekaa saa nzima. Akamnyooshea Pindo mkono. Pindo akasimama, akapangusa wake kwenye sketi, akauleta mbele, umenyooka, unavuma polepole. Mlangoni Macho akatoa penseli nyuma ya sikio.

Mkono wa mwenye nyumba ulifika nusu ya njia. Ukasimama hapo. Kisha ukarudi nyuma, ukaenda mgongoni, ukakutana na mwenzake.

Akashuka ngazi hivyo hivyo mpaka kwenye gari.

Pindo aliubakiza wake mbele mpaka viatu vilipoacha kusikika. Ndipo akakaa, akavuta kitambaa kingine. Kulikuwa na suti ya Ijumaa.